Maboksi Yaliyomsubiri Mgeni Rasmi

Siku yangu ya kwanza kazini niliipakata projekta kama mtoto mchanga, kutoka Ibadakuli hadi ukumbi mmoja wa Shinyanga mjini. Mratibu wa mafunzo, bosi wangu wa kwanza, alikuwa kiti cha mbele cha gari. Akageuka kunitazama.

"Fundi, kazi yako ni moja tu. Mgeni rasmi akiingia, ukuta uwe unawaka."

"Na walimu je, bosi?"

Akacheka. "Walimu wapo tu. Hao hawaendi popote."

Mimi si msomi. Shule niliiacha darasa la tano nikaanza kuzurura. Nimechimba dhahabu Geita, nimeendesha karasha, ile mashine ya kusaga mawe, nimeonyesha video kwenye mabanda ya wachimbaji. Kila mashine niliyokutana nayo nilitaka kujua ndani kuna nini, na ndiyo maana miradi ya kuwafundisha walimu teknolojia ilinichukua. Projekta itupe picha ukutani. Inveta igeuze umeme wa betri uendeshe vifaa mahali pasipo na nguzo. Seva ndogo, kijisanduku kinachotunza masomo, ivirushie vishikwambi masomo hayo bila intaneti. Ni vitu vizuri kweli, mpaka leo navipenda. Kinachonikera ni jinsi vilivyokuwa vikitumiwa.

Ninyi mnaoingia kazi hii jueni ilivyokuwa. Shinyanga, Kahama, Geita, kote nilikopelekwa utaratibu ulikuwa uleule. Walimu wanaitwa kutoka vijijini, wamekula vumbi la bodaboda. Vishikwambi vimepangwa mezani ndani ya maboksi, vimefungwa utepe. Halafu tunasubiri. Ni mwiko kugusa boksi kabla mgeni rasmi hajazindua. Mgeni rasmi yuko kwenye kikao. Mgeni rasmi yuko njiani. Mshereheshaji anawasimamisha watu wazima wenye wajukuu wapige makofi ya mvua, makofi ya treni. Mgeni akifika, hotuba. Baada ya hotuba, picha ya pamoja, kisha pilau. Jioni mwalimu anakabidhiwa kifaa ambacho hajawahi hata kukiwasha, anaambiwa akakitumie. Akifika shuleni, mwalimu mkuu anakifungia kabatini kisije kikaharibika. Kiharibike vipi? Hata nafasi ya kuharibika hakuipata!

Kwenye taarifa tunaandika kwamba walimu wamejengewa uwezo. Uwezo wa kupiga makofi?

Semina yangu ya mwisho ilikuwa Bugarama. Wakati nafunga nyaya alinijia Mwalimu Nyamizi, anayefundisha hesabu darasa la nne katika shule moja ya kijijini. Nilimkumbuka kutoka semina ya Kahama.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Mwalimu. Umerudi tena?"

"Nimerudi. Kahama nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Kufika shuleni, nakiwasha kishikwambi, kinaniuliza neno la siri. Nani aliniambia neno la siri?"

Nikaziweka nyaya chini.

"Basi leo nifundishe kabla hawajaja hao wakubwa, mzee wangu. Watoto wangu wanatoroka kwenda kuponda mawe kwenye makarasha. Wakiona sehemu, nusu na robo, zinagawanyika kwa picha inayotembea, watakaa darasani. Nikirudi tena na makofi, nitawaambia nini?"

Mratibu wa safari hii, kijana wa suti, alikuwa nje anaongea na simu. Nikatoa kisu nikakata utepe, nikawatajia wote neno la siri.

Ukumbi ukageuka mnada wa ng'ombe. Mwalimu mmoja mwenye mvi aligusa kioo kwa ncha ya kidole kama anayeonja uji wa moto. "Bonyeza, babu, hakiumi!" wakamtania. Muda si mrefu naye alikuwa anawaelekeza wenzake. Nyamizi alifika kwenye somo la sehemu, akaona duara likikatika vipande vinne, akapiga ukelele: "Robo hii hapa! Wabeja, Fundi!" Alikuwa ananishukuru kwa Kisukuma.

Mratibu akaingia. "Nani kafungua? Mgeni yuko getini! Atazindua nini?"

"Azindue walimu," nikamjibu. "Wako tayari."

"Rudisheni kwenye maboksi! Vyote!"

Walimu wakarudisha, mmoja mmoja, nyuso zimeanguka. Nyamizi hakuinuka.

"Mwalimu, hilo ni agizo."

"Nimelisikia. Boksi hili hapa, chukua. Mimi sijamaliza." Akampa boksi tupu.

Hapakuwa na muda wa kubishana. Mratibu akalifunga boksi lile utepe mpya, akaliweka juu ya mengine, na hilohilo ndilo mgeni rasmi alilolikata utepe na kuliinua juu akitabasamu mbele ya kamera. Kama aliona ni jepesi, hakusema. Kwenye viti vya nyuma Nyamizi aliendelea kugawanya duara lake, jirani zake wawili wameinamia kioo. Mratibu akaninong'oneza, "Kesho usije." Hivyo ndivyo nilivyostaafu.

Watu wananiambia nilipoteza kazi kwa ajili ya utepe. Sijutii, ila hasira ninayo bado. Walimu wale walijifunza kwa kuibia, kana kwamba kujifunza ndiko utovu wa nidhamu, na makofi ndiyo kazi iliyowaleta. Kwa hiyo wewe uliyeshika nafasi yangu, fungua maboksi asubuhi. Mgeni rasmi akiyakuta wazi, mpe kiti akae pamoja na walimu, naye aonyeshwe pa kubonyeza.