Kisu Kilichonishona Kwenye Sofa ya Baba Nyambura

Wacha niwaambie mwenyewe, maana Otieno akianza yeye ataongeza chumvi, na aibu hii ilivyo haihitaji chumvi ya mtu.

Miaka hiyo ya sabini nikikaa mtaa wa Huruma nilikuwa na ugonjwa wa visu vya kukunja, si vile vya dukani vinavyofanana kama vifaranga, la, vyangu nilitengenezewa kwa oda na fundi Mutua pale soko la Gikomba, kila kimoja na mpini wake, na nilivilaza kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda (wengine walikusanya sahani za santuri, mimi chuma). Shida ni kwamba mitindo sokoni haikutulia: leo kila mtu anataka mpini wa pembe ya ng'ombe, ukishaanza kujivunia pembe yako unaambiwa pembe ni ya washamba, sasa ni shaba, na hujamaliza kuisugua shaba ing'ae unasikia watu wamehamia springi, unabonyeza kitufe, chak! kisu kinafyatuka chenyewe. Otieno, rafiki yangu na mshindani wangu, alikuwa nacho tayari, na kila Jumapili alikifyatua mbele ya pua yangu mpaka chai ikakosa ladha.

Basi nikaagiza changu. Jumamosi ya kwenda Makongeni kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu Nyambura, nikapitia kwa Mutua.

"Kiache," akasema. "Springi ni kali na kitufe kimelegea. Rudi Jumatatu."

"Mutua, leo naenda ukweni na kuna mbuzi. Nataka niwakatie wazee nyama nacho."

"Haya. Lakini usikikalie."

Nikacheka, nikakisukuma mfukoni mwa suruali yangu ya belbotomu (iliyobana mapaja na kupanuka chini kama tarumbeta), nikamchukua Otieno awe msemaji wangu, tukaenda.

Baba Nyambura alikuwa mtu wa karakana ya reli, mkono kama paja langu. Sofa ilikuwa mpya, imetandikwa vitambaa vyeupe alivyofuma Mama kwa mkono wake. Nikakaribishwa, nikaketi kwa adabu zote, na suruali ikabana kitufe.

Chak!

Kisu kilitoboa mfuko, kikatoboa suruali, kikatoboa kitambaa cha Mama, kikazama kwenye sponji. Paja lilipata mkwaruzo tu, lakini nilikuwa nimeshonwa pale.

"Hiyo ni springi?" Otieno akaninong'oneza.

"Nyamaza."

Mzee akasema, "Tusimame tuombe." Wote wakasimama. Mimi nikainamisha kichwa nikiwa nimeketi.

"Kijana, kwenu hamsimami mbele ya Mungu?"

"Tunasimama, Baba. Ni mguu, umekufa ganzi."

"Basi tuuamshe," akasema, akanishika mkono na kunivuta kama anayevuta behewa.

Suruali ilipasuka kutoka mfukoni hadi gotini, kitambaa cha Mama kikaninginia kiunoni, sponji ya manjano ikatua ndani ya vikombe vya chai, na kisu kikaanguka katikati ya sakafu, wazi, kinameremeta. Sasa, mitaa yetu ya Eastlands siku zile, kisu cha kufyatuka kilikuwa cha watu wa aina moja tu, wale wa kukungojea kwenye kichochoro.

"Ngai! Ni mkora!" Mama akapiga kelele.

Majirani walisikia neno hilo moja, na Makongeni hawakungoja maelezo. Walikuja na miiko, fimbo, mmoja na kiti. Nikarukia nyuma ya sofa nikiwa na chupi na mguu mmoja wa suruali, nikamwangalia msemaji wangu aniokoe.

"Mimi huyu simjui," Otieno akasema, mikono juu. "Tumekutana mlangoni."

Nilijua nimekwisha. Aliyeniokoa ni Nyambura, alitoka jikoni mbio, akajitanua mlangoni: "Wacheni! Si mwizi! Ni mchumba wangu! Ni mjinga tu!"

Yule wa kiti akakiweka chini na kukikalia, kwa kicheko. Mama naye akanirushia leso yake ya kujifunga, ya maua mekundu, bila kuniangalia, na hivyo ndivyo nilivyokula mbuzi wa ukweni, nimefunga leso, huku Mzee akikata nyama kwa kisu cha jikoni, changu kikiwa ndani ya koti lake.

Otieno (alikuwa amenijua tena nyama ilipofika) akakohoa, akagusia habari za mahari.

"Mahari baadaye," Mzee akasema. "Kwanza sofa."

Nilinunua sofa, nikamwoa Nyambura, na kila nikimuudhi huwa ananikumbusha kwamba aliwaambia watu mapema. Lakini niliapa, kitu kilichotoka kwa fundi leo sitakivaa wala kukibeba kwenda kwa watu leo. Acha waseme nimepitwa na wakati. Heri nipitwe, mradi nirudi nyumbani na suruali.