Mapafu Yaliyojirudia

Mpwa wangu ni daktari, ila usimpelekee kikohozi chako. Udaktari wake ni wa kompyuta: anaifundisha kusoma picha za eksirei za mapafu na kusema nani mgonjwa. Ukoo mzima hakuna mwenye kichwa kama hicho isipokuwa mimi, nami niliacha shule mapema kwa kuwahurumia walimu.

Alipohitimu akakaa bila kazi. Watu wa aina yake wanamtafuta profesa mwenye maabara, wanasoma aliyoyaandika, wanamwomba wafanye utafiti chini yake, kisha wanasubiri. Maprofesa wengi hawakumjibu. Mmoja, wa nchi ya mbali, akamwita kwenye mahojiano ya video: nafasi ya miaka mitatu. Dada yangu, mama yake, akalia kwa furaha. Mimi nikautangazia mtaa.

Mahojiano yalifanyika chumba cha nyuma cha karakana yangu ya friji, maana mtandao wangu haugomi. Nikazima mashine zote, nikabaki mlangoni nikijifanya natafuta bisibisi. Binti aliongea, akaongea kweli! Akaonyesha kuwa kompyuta yake inapatia karibu kila picha. Profesa akawa anaitikia kwa kichwa, nikajua tumeshapata.

Ndipo akauliza, kwa upole kabisa, "Mgonjwa mmoja alipigwa picha mara ngapi?"

"Wengine mara nyingi, kila waliporudi kliniki."

"Na ulipozitenga za kufundishia na za kupimia, uligawa kwa mtu au kwa picha?"

Mpwa wangu akarudi kuangalia orodha ya picha zake.

"Kwa picha," akasema. "Kwa hiyo mtu yuleyule yuko pande zote mbili. Kompyuta... huenda ilikuwa inakumbuka mbavu za watu, si ugonjwa."

Profesa akamshukuru. Mahojiano yakaisha mapema.

Nikaingia. "Wewe nawe! Ungesema umegawa kwa mtu, angekuja kupekua humu kwenye friji?"

"Mjomba, niliandika kwenye makala kwamba inafaa. Kuna hospitali inataka kuijaribu." Macho yalikuwa sakafuni. "Kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Na mimi najiita daktari."

Nilikuwa na utani tayari, nikauacha, nikamvutia kiti.

Akapanga picha upya, kila mtu na zake upande mmoja, akaendesha programu. Matokeo yakaporomoka. Akampigia msimamizi wake wa zamani, aliyeandika naye makala ile, akiwa ameugeukia ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa.

"Shikamoo, mwalimu. Makala yetu inabidi tuiondoe... Hapana, mwalimu, picha hazina tatizo. Ni mimi."

Sauti ya upande wa pili ilipanda hadi nikaisikia mlangoni.

Kesho yake profesa akaandika: nafasi kapewa mwingine.

Muuza nyama wa jirani alipofuata friji yake, akauliza kwa sauti ya kusikika barabarani, "Daktari wetu anapaa lini?"

"Aa, mambo ya viza hayo," nikadakia, "unawajua watu wa viza..."

"Siendi, kaka," mpwa wangu akasema kutoka nyuma. "Nilikosea kazi yangu, wakaona."

Muuza nyama hakumtazama yeye, alinitazama mimi. Nikainama nyuma ya friji yake, nikakaza skrubu iliyokwisha kukazwa.