Khamisa Alinikalia Eda Nikiwa Hai

Mke wangu Khamisa kazi yake ilikuwa kukalisha wajane eda. Hapa kwetu Msambweni, mume akifa mwanamke huingia ndani miezi minne na siku kumi, na watu hutafuta mwenye kujua wa kumwingiza na kumtoa. Khamisa alijua. Aliitwa Gazi, aliitwa Vanga, mara moja alikuja kuchukuliwa kwa gari mpaka Kombani. Alikuwa mkali. Mjane wake huvaa nyeupe tu, havai rangi, hapaki wanja, haitikii hodi ya mwanamume. Na hainuki peke yake. Hata kwenda chooni sharti ashikwe mkono na mwanamke mwenziwe. Hiyo ya mwisho haikutoka kwenye dini, ilikuwa sheria yake mwenyewe. Wajane walilalamika. Hakuwasikiliza.

Tulioana nikiwa kijana mkwezi wa minazi. Mimi sikusoma, naye hakusoma, ila yeye alikuwa na maneno ya kuwatosha watu wawili.

Kisha akaanza kusahau. Mwanzo ilikuwa chumvi, halafu majina ya wajukuu. Siku moja alinipikia uji, nikanywa. Akanipikia tena. Nikanywa tena.

Asubuhi moja akafunga udi na sabuni kwenye kanga, akaenda kwa jirani yetu Mwanamisi kumtoa eda. Mwanamisi alitoka eda zamani. Aliolewa tena na ana mtoto anayetambaa.

"Bi Khamisa, mimi mbona nina mume?"

"Mume gani, nawe uko eda? Huna haya wewe! Twende ukaoge."

Akamvuta mpaka uani, penye sakafu ya kuogea. Mwanamisi alimheshimu, hakutaka kushindana naye. Sakafu ilikuwa na utelezi. Khamisa akateleza, akakaa chini, kama mtu anayekaa mkekani. Mfupa wa nyonga ukavunjika.

Hospitalini wakamtia chuma. Daktari alikuwa kijana, mpole.

"Mzee Jumbe, anguko kama hili halimvunji kijana. Lakini mifupa ya mama imeliwa ndani, kama boriti yenye mchwa. Ukiitazama nje ni nzima."

"Na kusahau?"

"Kusahau kunazidisha hatari. Anayesahau hakumbuki pa kujihadhari. Akishavunjika, hakumbuki kuwa amevunjika."

Akatuagiza asiukanyage mguu ule mpaka atakaposema yeye. Akiukanyaga mapema, chuma kitang'oka, na hapo hawezi kutuahidi kwamba mama atasimama tena. Tukarudi nyumbani na kazi hiyo moja. Binti yetu Ummulkheir akaja kutoka Ukunda kunisaidia.

Kila alipoamka, Khamisa alikuwa mzima.

"Nipisheni nikateke maji."

"Mama, umevunjika mguu."

"Mguu wa nani?"

"Wako."

Akautazama. "Lo! Nani kanivunja?"

Tukamweleza. Akalala kidogo, akaamka, akashusha miguu tena. Mara mbili tulimdaka amekwisha kushika ukingo wa kitanda, anajiinua. Ummulkheir akasema tumfunge kwa kanga. Nikasema hafungwi.

"Basi Baba, sema wewe tufanye nini."

Nikaenda kukaa ukingoni mwa kitanda.

Majirani wakaja kumwangalia. Wanawake wakatandika mikeka chumbani wakakaa, wakisema kwa sauti ya chini ili asiamke. Ummulkheir alikuwa amemfunika shuka nyeupe, maana dera lilimkwaza kwenye bandeji. Khamisa akafungua macho. Akawatazama wale wanawake mmoja mmoja, akaitazama shuka. Akajifunika kichwa.

"Amekufa lini?"

"Nani, Mama?"

"Baba yenu."

Mimi nilikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Akaniona, akageuza uso ukutani.

"Mtoeni mwanamume huyo. Hamuoni niko eda?"

Mwanamisi alicheka, kisha akajiziba mdomo kwa kanga. Nikatoka na chai yangu.

Siku ile hakushusha mguu. Ya pili yake pia hakushusha. Alipotaka chooni aliita, "Nani wa kunishika mkono?" akangoja mpaka waje wawili wambebe. Mguu ulikuwa habari mpya, haikukaa kichwani mwake. Eda alikuwa nayo maisha yote. Akiamka akaona nyeupe, alijua anatakiwa afanye nini.

"Nimwambie kuwa uko hai?" Ummulkheir aliniuliza jikoni.

"Ukimwambia atasimama."

"Baba, unajichuria kifo."

"Wacha nijichurie."

Hata hivyo nilikwenda kwa Maalim Swabir, nisije nikawa nafanya haramu.

"Yeye hana lawama, akili yake haipo," akasema. "Wewe usiseme umekufa, huo ni uongo. Lakini hakuna sheria inayokulazimisha kutangaza kwamba u hai."

Nikahamia ukumbini. Kati yetu palikuwa na pazia. Nilijitahidi nisisikike, lakini kifua changu kibovu.

"Nani anakohoa kama marehemu?" akauliza.

Ummulkheir akababaika. "Ni... ndugu yake, Mama."

"Marehemu alikuwa na ndugu mwenye adabu ya kukaa msibani? Mimi simjui." Kisha akapaza sauti. "Shemeji! Umekula?"

"Nimekula."

Tangu hapo nikawa shemeji. Jioni alizungumza nami kutoka nyuma ya pazia.

"Ndugu yako alisema maneno matatu kwa siku. Naona ni ukoo wenu."

"Ndiyo."

"Unaona! Na mkaidi. Nilimwambia aache kukwea minazi, umri umekwenda. Akakwea. Lakini hakuniinulia mkono hata siku moja. Mungu amrehemu."

"Amina," nikasema.

Tulimrudisha hospitalini amejifunika uso kwa buibui. Daktari akatazama picha, akasema mfupa umeunga. Sasa atembee kwa fremu ya kujiegemeza, kidogo kidogo, na awepo mtu wa kumshika, maana akianguka tena hali itakuwa nyingine.

Eda ikaisha. Mwanamisi ndiye aliyemtoa, akamwogesha amekaa kwenye kiti cha plastiki, akamfukiza udi. Khamisa alimkosoa mwanzo hadi mwisho. Pazia lilipoondolewa akaniona uso kwa uso, akaniita shemeji vilevile. Baada ya hapo Ummulkheir alitakiwa arudi kwa watoto wake, awe anakuja jioni tu. Mchana mtu wa kumshika Khamisa mkono nilikuwa mimi, naye hashikwi mkono na shemeji.

Nikamwomba Maalim Swabir akaniposee. Alicheka, kisha akaona sicheki. Akaingia chumbani, mimi nikabaki ukumbini.

"Bi Khamisa, shemeji yako ameniagiza kwako. Anataka mwoane, awe anakushika mkono."

Khamisa akasema kwa upole, ule alioutumia kwa wajane siku ya kwanza.

"Mwambie asinikasirikie. Ni mtu mwema, nimemwona. Lakini mimi nilikuwa na mume, na yule alinitosha."

Maalim akatoka.

"Amekukataa," akasema.

"Nimesikia."

Basi akawa anatembea uani na fremu yake, mimi nyuma, mikono nimeitanguliza bila kumgusa. Akisimama, nasimama. Akigeuka, najifanya natazama paa.

"Shemeji, unanifuata kama kifaranga."

"Naota jua."

"Jua liko kule."

Siku moja mguu wa fremu ukaingia kwenye shimo walilochimbua kuku. Akayumba. Nikamdaka kiunoni kwa mikono miwili, nikamshika mpaka akawa sawa. Alikuwa mwepesi. Akaiondoa mikono yangu mmoja mmoja, akatazama upande wa nyumba ya Mwanamisi.

"Astaghfirullah. Usiwaambie watu."

"Sisemi."

Sikusema. Kichomi kilimshika kabla ya Ramadhani, akafariki kitandani pake. Mfupa ulikuwa mzima.