Moyo wa Bi Thuwaiba Waitwa Mtihanini

Bibi yangu Thuwaiba ana moyo unaopiga mluzi, na kila mwaka hospitali kuu ya mjini humwita aupeleke. Si kwa matibabu. Dawa zake huzifuata kliniki siku nyingine. Huitwa ili wanafunzi wa udaktari wafanyie mtihani kwake.

Maradhi yenyewe aliyapata kijijini kwao Bwejuu, alipokuwa mtoto. Koo liliuma, kisha magoti, watu wakasema ni baridi tu, yakapita. Kumbe yalishuka moyoni. Mlango mmoja wa moyo ukawa haufungi sawasawa, na damu inayorudi nyuma inatoa sauti. Hakujua mpaka alipoolewa mjini akapata mimba ya mama yangu. Daktari aliyeyagundua alikuwa Mchina.

"Kasikiliza, kamwita mwenziwe, naye kasikiliza, wakasema Kichina weee! Mie nnalia tu, najua nshakufa," anasimulia bibi.

Baadaye wakaja Wacuba, wengine wakiwa walimu, na vijana wetu wakaanza kusomea udaktari hapahapa kisiwani badala ya wote kusafiri nje. Ndipo moyo wa bibi ulipopata kazi.

Nilimuuliza kama haoni tabu kusikilizwa na watu wote wale.

"Sasa watajuaje mluzi kama hawajausikia? Kitabu kinapiga mluzi?"

Sharti ni moja: mgonjwa hamtajii mwanafunzi ugonjwa wake. Bibi hulishika kama saumu. Kijana mmoja aliwahi kumnong'oneza, "Bi mkubwa, nisaidie, moyo au mapafu?" Akamjibu, "Kamuulize mwalimu wako."

Mwaka huu pazia la chumba cha mtihani lilipofunguliwa, aliyeingia alikuwa Haitham, mtoto wa Bi Biasha, nyumba ya pili kutoka kwetu Kikwajuni. Mtihani huo alikwisha kuanguka mara moja. Akianguka tena, anarudia mwaka mzima, na mtaa wote tulijua.

Mimi sikuwamo, nimehadithiwa na wote wawili. Utaratibu ni kwamba mwanafunzi asalimie, ajitambulishe, aombe ruhusa, ndipo aguse. Kila kimoja kina alama zake.

"Shikamoo Bi Thuwaiba."

"Marahaba mwanangu. Mama hajambo? Lile jino lishang'olewa?"

"Lishang'olewa." Haitham akakohoa. "Mimi naitwa Haitham Mbarouk, mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa tano."

Bibi akaangua kicheko. "Unanambia mie jina lako! Mie nilokuogesha mama yako alipokuwa ndani ya arubaini? Hebu niondokee!"

Daktari Fathiya, aliyesimamia mtihani, hakucheka. Akaandika kitu. "Endelea," alisema.

Hapo Haitham akapotea. Kumwomba mwanamke aliyemwogesha akiwa hajaota meno afungue kifua, ulimi haukuweza. Akageuza uso ukutani, akauweka mpira wa kusikilizia juu ya kanga. Chini ya kanga kuna gauni, chini ya gauni kuna shimizi. Anasema alisikia nguo tu.

Bibi aliona jasho linamchuruzika puani. Anavyosema yeye, mwanafunzi akiusikia mluzi macho yake husimama. Ya Haitham yalikuwa yanazunguka chumba kizima. Kumtajia ugonjwa hawezi, sharti ni sharti. Lakini haya ile ilikuwa yao wawili, na nusu yake kaileta yeye kwa kicheko chake. Basi akamkazia macho kama mtu baki.

"Wewe nani?"

"Mie... Haitham, Bi Thuwaiba."

"Haitham gani? Mie mgonjwa, nimetoka shamba, hapa simjui mtu. Anza upya."

Haitham akamtazama Daktari Fathiya. Daktari akatazama saa ya ukutani. "Muda ni wako," alisema.

Akaanza upya. Jina, mwaka, alichokuja kufanya. "Naomba ruhusa nisikilize moyo wako. Itabidi ufungue nguo kidogo, upande wa kushoto. Muuguzi yupo hapa pamoja nasi."

"Ruhusa," akasema bibi, akajifungua mwenyewe.

Macho ya Haitham yakasimama.

Mluzi aliutaja, na mlango wa moyo usiofunga aliutaja pia. Miguu hakuwahi kuibonyeza kuangalia uvimbe, kengele ililia.

Walipokwisha, Daktari Fathiya alimfuata bibi ukumbini. "Bi Thuwaiba, mgonjwa hamfundishi mwanafunzi."

"Nimemfundisha nini? Nimemuuliza jina."

"Mwakani akija unayemjua, tuambie tukubadilishie."

"Kisiwa chenyewe hiki! Basi leteni wanafunzi kutoka Uchina."

Daktari, anasema bibi, aligeuka upesi ili asionekane anacheka.

Matokeo yakatoka: Haitham kapita, kwa alama chache. Mwezi ujao anaanza mafunzo ya kazi wodini. Bi Biasha alipiga vigelegele mpaka barazani kwetu, mkononi ana sahani ya vitumbua vya kumshukuru bibi. Bibi akavipokea vitumbua, shukrani akazikataa.

"Kasikia mwenyewe," alisema.