Kibao cha Shingoni

Vibao vipya vya kutundika milangoni vimefika leo hapa hotelini Garhoud, ughaibuni kwa Waarabu. Vinanuka vanishi mbichi, na kamba zake ni za katani. Nimeshika kimoja, shingo ikaniwasha.

Shuleni kwetu, aliyenaswa akisema Kiswahili alivishwa kibao kama hiki, akakivaa mpaka amnase mwenzake na kumvisha. Mimi nilisema "meza" tu. Nikaenda nacho nyumbani, kamba imenichuna.

Baba alikuwa seremala, na kamusi alizisoma kama wengine wanavyosoma magazeti. Alikigeuzageuza kile kibao. "Meza ni ya Wareno," akasema. "Shule tumeitoa kwa Wajerumani. Wajerumani na Waingereza wameichota kwa Warumi, Warumi kwa Wagiriki. Wote hao nani aliwavisha kibao? Kamwambie mwalimu."

Nilimwambia. Nikala viboko vinne. Niliporudi kwenye dawati, rafiki yangu alininong'oneza kwa Kiswahili, makusudi: "Nitaje mimi, ukivue."

Sikumtaja. Sikumtaja mtu yeyote. Nilikivaa mpaka shule ikafungwa, na mwalimu ndiye aliyechoka kukitazama.

Sasa msimamizi wetu anapita koridoni, anatukumbusha kwamba kazini ni Kiingereza tu, khalas. Dada wa Tanga ninayefanya naye usafi anainamisha kichwa. Nami namwita kwa sauti, korido nzima isikie:

"Dada, njoo tuisogeze hii meza."