Fremu Tano za Barazani

Kazini kwake walimwita Mpole. Wachukuzi wa ghala walilibuni jina hilo siku alipombeba mgonjwa mgongoni mpaka zahanati, na likamganda. Hakupaza sauti kwa mtu. Hasira zake zote alizikunja vizuri, akazipeleka nyumbani kwa mke wake.

Mke wake alikuwa fundi fremu. Alikuwa na kibanda nyuma ya stoo ya mbao, meza moja, msumeno wa meno madogo, chupa ya gundi na tepu ya kupimia ambayo haikukosekana mfukoni mwa aproni yake. Watu walimletea picha za harusi, za marehemu, za maporomoko ya maji, naye akazivisha mbao. Mikono yake ilikuwa hodari, ila kidole kimoja cha mkono wa kushoto hakikukunjika tena. Mpole alikibana mlangoni makusudi, akausukuma mlango kwa bega, kisha akauliza kama chai iko tayari.

Siku ya Ijumaa Mpole alisimama barazani, mikono kiunoni, akiutazama ukuta. Baraza lilikuwa zuri, lina paa la bati na sakafu ya saruji iliyong'arishwa. Ukuta ndio uliomtia aibu.

“Jumapili mchana wanakuja watu sita kutoka ghalani,” alisema. “Wanataka niwe mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi. Tafuta picha uzitundike hapa. Maua, farasi, chochote, mradi hayo mashimo yasionekane.”

“Si tumwite fundi apige plasta?”

“Fundi ana mdomo. Atauliza.”

Hapo alisema kweli. Mashimo yale yangemfanya hata bubu aulize. Yalikuwa matano. La kwanza lilichimbwa na pasi ya moto, iliyorushwa kwa sababu ya mkunjo kwenye kola. La pili ni la chupa ya chai. Vigae vyake mke alivitoa mwenyewe shingoni mwake, mbele ya kioo, kimoja kimoja. La tatu ni la stuli. La nne ni la ngumi iliyomkosa, na hasira ya kumkosa ikamvunja mbavu mbili. La tano lilikuwa bonde tu, pana, halina kina, usawa wa kichwa chake.

Mpole alipoingia ndani kuoga, mke wake alitoa tepu akaanza kupima. Fundi fremu hupima ukuta kwanza. Alipima la pasi, akaandika. Alipima la chupa, akaandika. Alipofika la tano alipima haraka, akaandika namba kombo.

Jumamosi, kibandani, alichagua picha kwa moyo safi kabisa, nami nasema hivyo kwa sababu wapo waliodai baadaye kwamba alipanga njama. Hakupanga kitu. Alipanga tu picha mezani: maporomoko ya maji yafunike pasi, farasi wawili wafunike stuli, bakuli la waridi lifunike ngumi. Akakata mbao, akaunga kona, akapiga misumari, akili ikiwa mbali. Gundi ilipokauka alichukua waridi ayatie kwenye fremu yake. Hayakuingia. Farasi nao wangeingia bila miguu. Alitazama karatasi yake ya vipimo ndipo akaelewa. Fremu zote tano alizikata kwa kipimo cha mashimo.

Alicheka mpaka mbavu zile mbili zikamkumbusha kwamba zipo. Halafu akalia, akafuta uso kwa aproni, akazifunga fremu kwa kamba kama zilivyo.

Miaka mitatu nyuma alimweleza mtu mmoja tu yanayompata, mdogo wake wa kiume aliyemlea mwenyewe, ambaye sasa alikuwa dereva wa ghala lile lile. Dereva alimjibu akiwa bado anatafuna chakula chake: “Shemeji? Yule hata nzi anamwomba samahani. Dada, labda una mdomo.” Jibu hilo lilimuuma kuliko mlango. Tangu hapo alinyamaza.

Jumapili Mpole alitoka kwenda kuwapokea wageni, na mke wake akachukua nyundo. Walipofika, dereva akiwa miongoni mwao, walikuta fremu tano zimetundikwa sawasawa, zimepigwa vanishi, na ndani ya kila moja shimo lake.

“Shemeji,” alisema mkuu wa wachukuzi, mtu mnene wa masihara, “mbona picha zimetoroka?”

“Hazijatoroka,” alijibu, kwa sauti ile ile ya kuhudumia wateja. “Hiyo ni pasi. Hiyo chupa ya chai. Hapo ni stuli, na hiyo ni ngumi ya mume wangu.”

Mpole alicheka peke yake. “Mke wangu kwa utani! Karibuni viti.”

Hakuna aliyekaa. Dereva alikuwa amesimama mbele ya fremu ya tano. Aliweka kiganja ndani ya lile bonde, akakiacha hapo.

“Na hii, dada?”

Dada yake alivua kitambaa cha kichwa, akageuka. Kisogoni palikuwa na kovu lisiloota nywele, pana kama kiganja kile.

Hapo ndipo Mpole wa nyumbani alipojitokeza, mbele ya watu. Aling'oa fremu ya pasi na msumari wake, akairusha kwa nguvu zake zote usoni pa mke wake. Fremu haikumpata, maana miaka tisa ya ndoa ilimfundisha kuinama kabla mkono haujashuka. Kona ya mbao ilizama ukutani, plasta ikaanguka. Mpole aliokota stuli. Wachukuzi, watu wa kubeba magunia, walimbana chini kwenye saruji yake inayong'aa, naye akawa anatukana matusi ambayo ghalani hakuna aliyewahi kuyasikia mdomoni mwake.

Mke wake alitoa tepu. Hakujua afanye nini kingine. Aliisogeza kwenye shimo jipya lakini ncha yake ikawa inateleza ukutani. Dereva alimshikia ncha ya pili.

“Kumi na moja kwa saba,” alisema mwanamke.

“Dada,” dereva alisema, machozi yakimshuka bila kuyafuta, “nilikwambia una mdomo.”

“Uliniambia.”

“Hili usilitengenezee fremu. Twende.”

Alirudisha tepu mfukoni, akaingia ndani kuchukua mkoba, akatoka. Fremu aliziacha. Hizo alimtengenezea mume wake.