Kisiwa Kilichozungushiwa Kokoto

Wasomaji wangu, wiki hii amefariki mwalimu mstaafu wa jiografia niliyefundisha naye huku milimani Upare. Alifia mjini Same, chumbani kwa bintiye, na tumempandisha nyumbani akiwa kwenye jeneza. Namshukuru Mungu kwa maisha yake, ingawa kona za barabara ile safari hii zilikuwa nzito.

Miaka yote alifundisha habari za bahari kwa watoto wasioijua. Alijaza maji kwenye karai, akarundika mchanga wa korongoni upande mmoja uwe pwani, kisha akayasukuma maji kwa kibao. Mawimbi yaliukokota mchanga, yakajenga kisiwa chembamba mbele ya pwani, na nyuma yake maji yakatulia. “Hiki kinapigwa ili pwani isipigwe,” alisema. Akiongeza nguvu, maji yaliruka juu ya kisiwa, yakachukua mchanga wa mbele na kuuweka nyuma. Hivyo kisiwa kikasogea taratibu kuelekea nchi kavu, kikiwa bado kizima. Siku moja bintiye, aliyekuwa darasani humo, alikihurumia, akakizungushia kokoto kisisogee. Mawimbi yakachimba mbele ya kokoto mpaka kisiwa kikaisha.

“Mwalimu, nimekiua!” Darasani hata yeye alimwita mwalimu.

“Umekipenda, mwanangu. Ila hukukiacha kiende.”

Miaka mingi baadaye, miguu ilipomgomea mzee, binti huyohuyo alimshusha Same awe karibu na hospitali. Chumba kilikuwa safi, chakula cha moto, na dirisha lilitazama ukuta wa jirani. Kila nilipomtembelea aliuliza kama migomba yake imepata mvua. Alitaka kurudi.

“Baba, ukizidiwa kule, gari la kukushusha nitalipata wapi?” bintiye alilia.

Mzee akanigeukia. “Mwenzangu, umewahi kuona mfungwa anayelishwa kuku?”

Tukacheka sote watatu. Hakutoka tena chumbani humo akiwa hai.

Baada ya mazishi, binti alinifuata penye migomba.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Zile kokoto nimezipanga tena.”

Nilimwambia Mungu hahesabu upendo kuwa kosa, nami naamini hivyo. Lakini ninyi mnaouguza wazee, waulizeni wanataka kulala wapi wakati bado wanaweza kujibu. Wakishajibu, tafuteni gari.